Chuma chakavu kikiingia tanuruni: kipi hutoka, kipi hubaki

Kauli mbili husikika karibu kila mara vyuma chakavu vinapozungumzwa. Moja hutoka kwa watu wa ujenzi: "Usichukue hizo nondo, zimetengenezwa kwa chakavu." Nyingine hutoka kwa watetezi wa mazingira: chuma hurejelezwa mara zisizo na idadi, na ubora wake haupungui hata kidogo. Watu wengi huziamini zote mbili bila kuona kwamba zinapingana. Kama ubora haupungui, nondo hizo zinaogopewa nini? Na kama chakavu huzaa nondo mbovu, mbona nchini Marekani karibu nondo zote hutokana na chuma kilichokwisha kutumika, na bado madaraja na maghorofa yake yanasimama?

Ukweli ni kwamba mabishano haya huruka jambo moja la msingi. Tanuru huondoa baadhi ya uchafu, wala haliondoi wote. Ni uchafu gani utatoka na ni upi utabaki, hilo haliamuliwi na ukali wa moto wala ujuzi wa fundi peke yake. Linaamuliwa na tabia ya metali yenyewe. Hapo ndipo penye siri ya urejelezaji wote wa vyuma, na ndiyo maana kazi kubwa kuliko zote hufanyika kabla moto haujawashwa, pale chakavu inapochambuliwa.

Tuanze na maana za maneno

Chuma chakavu, kwa maana tunayoitumia hapa, ni metali yoyote iliyomaliza kazi yake ya kwanza. Inaweza kuwa gari bovu, mabati ya zamani, reli, jokofu, kopo, waya au betri. Humo huingia pia mabaki ya viwandani: vipande vinavyokatwa pembeni wakati wa kutengeneza bidhaa, na mabaki ya kiwanda cha chuma chenyewe. Tofauti ya makundi haya ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kipande kilichokatwa jana kiwandani kinajulikana kimetengenezwa kwa nini hasa. Gari la miaka ishirini limebeba chuma, alumini, shaba, risasi, plastiki, kioo na mpira, vyote vimefungwa pamoja kwa skrubu, gundi na ulehemu.

Kurejeleza ni kuyeyusha na kuunda upya. Bomba la zamani likigeuzwa nguzo ya uzio, hilo ni kutumia tena, halikuyeyushwa. Kuna pia njia ya katikati ambayo wengi hawaijui: sahani nene za chuma kutoka meli iliyobomolewa hukatwa vipande, hupashwa moto hadi ziwe nyekundu na laini, kisha hupitishwa kwenye vinu vya kukandamiza zitoke nondo. Hazikuyeyuka hata mara moja. Tutairudia njia hii, kwa sababu ina uhusiano mkubwa na hofu ya wajenzi.

Neno la mwisho ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali. Karibu hakuna metali tunayoishika mkononi iliyo tupu. Chuma cha nondo ni chuma pamoja na kaboni kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 0.3, na manganizi. Chuma kisichoshika kutu kina kromu, na mara nyingi nikeli. Koki na vitasa vya njano ni shaba iliyochanganywa na zinki. Kwa hiyo aliye na rundo la "chuma" ana rundo la mapishi mengi tofauti, na kazi yake ya kwanza ni kuyatenganisha.

Sumaku ndiyo chombo cha kwanza cha kuchambua. Chuma cha kawaida huvutwa. Shaba, alumini, risasi na zinki havivutwi. Lakini sumaku ina mpaka wake. Aina nyingi za chuma kisichoshika kutu hazivutwi ingawa sehemu kubwa yake ni chuma, na mnunuzi asiyejua huweza kukiweka kwenye rundo lisilo lake. Mafundi wa zamani hugusisha kipande kwenye jiwe la kusaga na kutazama cheche. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka matawi matawi, chenye kaboni kidogo hutoa mistari mirefu isiyo na matawi mengi, na alumini na shaba hazitoi cheche kabisa. Siku hizi yadi kubwa zina kifaa cha kushika mkononi kinachopiga kipande kwa miali ya eksirei na kusoma viambato vyake kwa sekunde chache. Kwa alumini na shaba iliyosagwa vipande vidogo kuna mashine yenye sumaku zinazozunguka kwa kasi kubwa. Sumaku hizo huamsha umeme ndani ya kipande, na umeme huo hukirusha mbali na plastiki na kioo, ingawa chenyewe hakivutwi na sumaku.

Oksijeni ndiyo inayochagua

Sasa twende tanuruni. Tanuru la umeme la kiwanda kikubwa ni sufuria kubwa ya chuma iliyojengewa ndani kwa matofali yanayostahimili moto. Kutoka juu huteremshwa nguzo tatu za grafiti, na katika matanuru makubwa unene wa nguzo moja huzidi nusu mita. Umeme huruka kutoka kwenye nguzo hizo hadi kwenye chakavu kwa cheche mfululizo zenye joto linalozidi nyuzi 3,000 za Selsiasi. Mlio wake hutetemesha jengo. Chuma huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,540, na hufikishwa takriban 1,600 kabla ya kumiminwa. Kisha oksijeni hupulizwa ndani na chokaa hutupiwa humo.

Chokaa na oksijeni ndivyo vinavyofanya usafi. Viambato vingi vilivyomo kwenye chakavu vina hamu kubwa ya oksijeni kuliko chuma. Silikoni, alumini, kromu kwa kiasi, sehemu ya manganizi na fosforasi hushikamana na oksijeni, huungana na chokaa na kupanda juu kama povu zito. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Tanuru huinamishwa, yakamwagwa. Kaboni iliyozidi huungana na oksijeni na kutoka kama hewa. Zinki iliyopakwa kwenye mabati huchemka ikifika nyuzi 907, hivyo hutoka kwa moshi muda mrefu kabla chuma hakijayeyuka. Vichujio huinasa ikiwa vumbi, na vumbi hilo huchukuliwa kwenda kutolewa zinki upya. Rangi na mafuta huungua. Tini ya makopo, shaba, nikeli na kobalti, hapana.

Hivi vya mwisho vina hamu ndogo ya oksijeni kuliko chuma chenyewe. Ukiendelea kupuliza oksijeni ili uiunguze shaba, utakiunguza chuma chote kwanza na shaba itakuwa bado ipo. Ni kama ndoo ya maji yenye mchanga na chumvi: mchanga utaunasa kwa kitambaa, lakini chumvi iliyokwisha kuyeyuka hupita pamoja na maji hata uchuje mara ngapi. Hakuna njia ya kawaida ya kiwandani ya kuitoa shaba kwenye chuma kilichoyeyuka. Namna ya kuiondoa ni kuizuia isiingie.

Na madhara yake si ya kufikirika. Chuma kilichoganda hupashwa tena hadi nyuzi 1,100 au 1,200 ili kikandamizwe kiwe nondo au bamba. Humo ndani, ngozi ya juu ya chuma huungana na oksijeni ya hewa na kuwa magamba. Shaba haiungani, hivyo hubaki nyuma na kujikusanya chini ya magamba. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Kwa hiyo chini ya ngozi ya chuma kigumu kunakuwa na utando mwembamba wa shaba ya maji, nao hupenya katikati ya chembe za chuma. Kinu kinapokandamiza, uso hupasuka nyufa. Tini huzidisha tatizo hilo.

Ndiyo maana kila bidhaa ina mpaka wake. Nondo huvumilia shaba hadi karibu asilimia 0.4, ambayo ni kilo nne kwa tani. Bamba jembamba la kukunjia bodi ya gari halitakiwi kuzidi takriban asilimia 0.06, yaani gramu 600 kwa tani. Waya wa mota moja ya umeme iliyosahaulika ndani ya rundo unatosha kuiharibu tani nzima ya chuma kwa kazi hiyo. Mota hiyo ikipita, hakuna mtu atakayeiona tena. Itajitokeza baadaye kama nyufa kwenye bamba.

Hivyo kauli ya "milele bila kupungua" ni nusu ya kweli. Atomi ya chuma haichoki. Hakuna mikunjo, kutu wala miaka itakayoibadilisha. Ikishayeyuka haina tofauti na atomi iliyotoka mgodini wiki iliyopita. Kinachobadilika ni kile inachoambatana nacho. Kila mzunguko usiochambuliwa vizuri huongeza shaba kidogo na tini kidogo, wala hakuna mzunguko unaozipunguza. Viwanda hukabiliana na hilo kwa kuzimua: huchanganya chakavu chafu na mabaki safi ya viwandani, au na chuma kipya kilichotoka kwenye madini. Kuzimua huko kumesaidia sana, lakini kunahitaji chuma safi kiwepo.

Basi nondo za chakavu zinafaa au hazifai?

Zinafaa kabisa, kama kiwanda kinafanya kazi yake. Kosa la wajenzi ni kuogopa chanzo badala ya kuuliza njia. Viwanda viwili vinaweza kununua chakavu ya rundo moja vikatoa nondo zisizofanana hata kidogo.

Katika tanuru la cheche nililolieleza, chuma husafishwa kwa oksijeni na chokaa. Fundi huchota kijiko cha chuma cha maji, hukigandisha, na mashine hukichoma kwa cheche na kusoma viambato vyake kwa dakika chache. Kaboni ikipungua huongezwa, fosforasi ikizidi kazi inaendelea. Kuna tanuru la aina nyingine ambalo ni rahisi kujenga na linatumika sana katika viwanda vidogo: chungu kilichozungushiwa koili ya umeme, ambayo hukipasha chuma moto kutoka ndani yake. Tanuru hili huyeyusha vizuri sana, lakini husafisha kidogo mno. Kilichoingia ndicho kinachotoka, fosforasi na salfa zikiwemo, nazo hukifanya chuma kuwa cha kuvunjika. Akilitumia mtu mwenye chakavu iliyochambuliwa na kupimwa, atapata chuma kizuri. Akilitumia anayetupia chochote kilichofika na asiyepima, hajui anachouza. Mwaka 2017 China ilifunga matanuru ya namna hiyo yaliyokuwa yakitengeneza chuma cha ujenzi bila udhibiti, yenye uwezo unaozidi tani milioni 100 kwa mwaka. Chakavu yenyewe haikupigwa marufuku. Ilielekezwa kwenye viwanda vinavyosafisha na kupima.

Njia ya tatu ni ile ya kukandamiza bila kuyeyusha. Hapa hakuna nafasi ya kurekebisha kitu. Kama sahani ilikuwa na kaboni ya kiwango hiki, nondo itakuwa nayo hivyo hivyo, na nondo za fungu moja zinaweza kutoka kwenye sahani kumi tofauti. Kwa macho zote zinafanana.

Kwa hiyo la kumuuliza muuzaji ni cheti cha vipimo vya fungu hilo: nguvu ya kuvutwa, kiasi cha kurefuka kabla ya kukatika, na viambato. Nondo nzuri hurefuka kwanza ndipo ikatike. Uzito kwa mita nao una maana yake, kwa sababu nondo iliyopunjwa unene ni dhaifu hata kama chuma chake kimetoka kwenye madini safi kuliko yote. Naamini majengo mengi yangekuwa salama zaidi kama nguvu tunayotumia kuuliza "ni ya chakavu?" tungeitumia kuuliza "imepimwa?"

Kutu nako kunaogopewa bure. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, na sehemu kubwa ya madini yanayochimbwa migodini ni ya asili hiyo hiyo. Chakavu yenye kutu hutoa chuma pungufu na hula umeme zaidi, kwa hiyo bei yake hushuka, ila haiharibu kinachotoka.

Alumini: rahisi kuyeyusha, ngumu kusafisha

Alumini inasifiwa kuliko metali zote katika urejelezaji, na sifa hiyo inastahili. Kwenye udongo wa boksiti alumini imeshikana na oksijeni kwa nguvu isiyo ya kawaida. Njia ya kuzitenganisha ilipatikana mwaka 1886, Charles Martin Hall akiwa Marekani na Paul Héroult akiwa Ufaransa, kila mmoja kivyake, nayo ndiyo inayotumika hadi leo: kupitisha umeme mwingi sana. Kilo moja ya alumini mpya hula takriban uniti 14 za umeme katika hatua hiyo peke yake. Alumini chakavu tayari imeshatenganishwa na oksijeni. Inachohitaji ni kuyeyuka tu, na huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ndipo inapotoka ile hesabu maarufu ya kuokoa asilimia 95 ya nishati.

Lakini kumbuka kanuni ya oksijeni. Kwenye chuma, uchafu mwingi ulikuwa na hamu ya oksijeni kuliko chuma, ukatoka. Alumini yenyewe ndiyo yenye hamu kubwa karibu kuliko vyote inavyochanganyika navyo. Ukipuliza oksijeni, utaiunguza alumini yenyewe na uchafu utabaki. Magnesiamu inaweza kutolewa kwa klorini. Silikoni, shaba, zinki na chuma hubaki humo.

Chukua fremu ya dirisha iliyotupwa na skrubu zake. Skrubu ya chuma haiyeyuki katika joto la alumini, lakini ikikaa ndani ya alumini ya maji huliwa polepole hadi iishe. Skrubu za gramu tano ndani ya kilo moja ya alumini zikiliwa zote, zimeongeza asilimia 0.5 ya chuma, wakati aloi kadhaa za kutengenezea rimu za magari haziruhusu kuzidi takriban asilimia 0.2. Chuma ndani ya alumini huunda sindano ndogo ngumu, na alumini inakuwa ya kupasuka.

Matokeo yake ni kwamba alumini mchanganyiko huteremka ngazi. Makopo yakikusanywa peke yake hurudi kuwa makopo, na fremu zikitengwa hurudi kuwa fremu. Vikichanganywa na rimu na vyombo, vinavyofaa kutengenezwa ni vitu vya kusubu, yaani vya kumimina metali ya maji kwenye kalibu, vinavyovumilia silikoni nyingi, kama bloku za injini. Si hasara kwa sasa, maana injini zinahitajika. Hata hivyo ni njia ya upande mmoja: bloku ya injini haiwi kopo.

Hapa kuna hatari moja inayopaswa kusemwa waziwazi. Sufuria zinazosubiwa kwa mkono kutoka alumini ya mchanganyiko, zikiwemo sehemu za injini, radieta na vifaa vya umeme, zimechunguzwa nchini Kamerun na katika nchi nyingine, na nyingi zilikutwa zikitoa risasi ndani ya chakula cha uchachu. Risasi haina harufu wala ladha, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kusubu sufuria si kosa. Kosa ni kutojua kilichomo ndani ya kinachosubiwa, na jicho haliwezi kulijua hilo.

Shaba husafishika, ila njia ya mkato ni sumu

Shaba iko upande wa pili kabisa. Kwa kuwa haina hamu kubwa ya oksijeni, uchafu wake mwingi huungua kabla yake. Kinachobaki huondolewa kwa umeme: bamba la shaba chafu huzamishwa kwenye maji ya asidi ya salfuriki, umeme hupitishwa, shaba huyeyuka upande mmoja na kujipanga upande wa pili ikiwa na usafi wa asilimia 99.99. Dhahabu na fedha zilizokuwemo huanguka chini kama tope, nazo hukusanywa. Waya uliotoka kwenye shaba chakavu unaweza kuwa sawa kabisa na uliotoka mgodini.

Tatizo la shaba liko nje ya kiwanda. Nyaya huchomwa moto ili plastiki iishe. Plastiki nyingi ya nyaya ina klorini, na shaba iliyomo huchochea klorini na kaboni kuungana kuwa dioksini, miongoni mwa sumu kali zinazojulikana, ambazo hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Kumenya waya kwa kisu au kwa mashine ndogo huchukua muda mrefu zaidi, lakini hutoa shaba inayong'aa, na shaba inayong'aa hununuliwa kwa bei ya juu kuliko iliyoungua.

Betri za magari nazo zina risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Wepesi huo ndio mtego, kwani moto wa kawaida unatosha. Kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, Senegali, kiliishi na kazi ya kuvunja betri hadi watoto 18 walipofariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Hawakuwa wafanyakazi. Vumbi la risasi lilikuwa kwenye mchanga waliouchezea. Betri nzima isiyovunjwa ni mzigo tu, na kiwanda kilichofungwa vizuri, chenye vichujio, huweza kuirejesha karibu risasi yote iliyomo.

Mionzi nayo hufuata kanuni ile ile

Watu wakisikia kuna mionzi kwenye vyuma chakavu, wengine hukataa kuamini na wengine huogopa kila kipande. Ukweli ni kwamba chuma cha kawaida hakina mionzi ya kuogopesha. Hatari hutoka kwenye mashine chache za hospitali na viwandani zenye chembe za mionzi ndani ya ganda zito la chuma na risasi, zinapotelekezwa zikaonekana kuwa mzigo mzuri wa kuuza.

Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu walichukua mashine kutoka kliniki iliyohamwa na kuiuza kwenye yadi. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu 137 uliotoa mwanga wa buluu gizani, ukagawanywa kwa ndugu na majirani kama kitu cha ajabu. Watu wanne walikufa, 249 walikutwa wamechafuliwa, na zaidi ya 100,000 walipimwa. Miaka minne kabla yake, Ciudad Juárez, Meksiko, mashine yenye chembe takriban 6,000 za kobalti 60, kila moja ya milimita moja hivi, iliuzwa yadi na chembe zikayeyushwa pamoja na chakavu. Nondo zilisambazwa hadi Marekani. Ziligunduliwa Januari 1984, lori lililozibeba lilipopita karibu na vipimo vya mionzi vya maabara ya Los Alamos. Baadhi ya nyumba zilizojengwa kwa nondo hizo zilibidi zibomolewe.

Kwa nini Ciudad Juárez nondo zenyewe zilibeba mionzi? Kwa sababu kobalti, kama shaba, hubaki ndani ya chuma. Seziamu hufanya kinyume chake. Mwaka 1998 seziamu ilipoyeyushwa kwa bahati mbaya kwenye kiwanda karibu na Algeciras, Uhispania, chuma kilitoka kikiwa safi. Seziamu ilipanda na moshi, ikapimwa angani hadi Ufaransa, Uswisi na Italia. Leo viwanda vikubwa na bandari nyingi zina milango ya vipimo ambayo kila lori la chakavu hupitia. Mtu wa yadi ndogo ana kinga moja kubwa: kuitambua alama ya mionzi, ya duara dogo lenye mapanga matatu, na ganda dogo lenye uzito usiolingana na umbo lake. Kitu hicho hakifunguliwi.

Chakavu haitoshi, na sababu si uvivu wa kukusanya

Dunia hutengeneza takriban tani bilioni 1.9 za chuma kwa mwaka, na karibu asilimia 70 bado hupitia njia ya madini na makaa ya mawe, inayotoa zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa kwa kila tani ya chuma. Njia ya chakavu na umeme hutoa chini ya tani moja, mara nyingi chini sana. Wengi huuliza kwa nini basi migodi isifungwe.

Chuma hukaa kazini muda mrefu. Gari hudumu miaka kumi na tano au ishirini, jengo hamsini au mia. Chakavu ya leo ni chuma kilichotengenezwa enzi ambazo dunia ilitengeneza kidogo kuliko sasa, kwa hiyo hata kila kipande kikikusanywa, hakiwezi kutosheleza mahitaji yanayozidi yale ya zamani. Alumini inaonyesha hilo vizuri: viwanda vyake hukadiria kwamba robo tatu ya alumini yote iliyowahi kutengenezwa bado inatumika. Haijapotea. Iko kazini.

Chakavu itaongezeka sana maghorofa, magari na mashine zilizojengwa miongo ya karibuni zitakapozeeka, na itakuja na shaba nyingi zaidi, kwa kuwa kila kizazi cha magari kina nyaya na mota nyingi kuliko kilichotangulia. Magari ya umeme yana shaba mara kadhaa ya gari la petroli. Tukiendelea kuyasaga mazima mazima, tutakuwa na milima ya chuma kinachofaa nondo peke yake.

Ndiyo maana dakika chache za kutenganisha zina thamani kubwa kabla mzigo haujaondoka. Mota, transfoma na mafungu ya nyaya yang'olewe kwenye chuma. Skrubu za chuma zitolewe kwenye alumini, na alumini ya makopo isichanganywe na ya injini. Mitungi ya gesi, vidhibiti mshtuko vya magari na mabomba yaliyozibwa pande zote yafunguliwe au yatobolewe na anayejua kazi hiyo, maana tone la maji lililonaswa ndani likikutana na chuma cha maji hugeuka mvuke unaotanuka zaidi ya mara 1,600, na mlipuko wake humwaga tanuru juu ya waliosimama karibu. Betri iende nzima, ikiwa imesimama, asidi ikiwa ndani.